Vidonge vya kupunguza uzito: "vya asili" haina maana ni salama kwa mimba

Wengi huamini vidonge vya kupunguza uzito vikiwa vya mitishamba havina neno, na kwamba inatosha kuviacha ukishajua una mimba. Si kweli. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengine ndio kwanza wanashangaa mbona hedhi imechelewa. Tena lebo haisemi yote: sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo, imekutwa mara nyingi ndani ya vidonge "vya asili". Viache kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Umeshameza na una mimba? Acha leo, usijilaumu, na mpelekee daktari au mkunga kopo lenyewe alione.