Je, wajua kwa nini mpiga piano wa Chicago aliitwa Mwandishi?

Mwaka 1971 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa santuri ya jazi yenye nyimbo tatu tu, na jina lake likawa neno moja la Kiswahili: Mwandishi. Mara ya kwanza nilipokutana nalo kwenye orodha ya muziki nilidhani mtu kachanganya mafaili, kwamba ni mahojiano na mtunga riwaya yaliyopotelea upande wa jazi. Kumbe Mwandishi ndiye Herbie Hancock mwenyewe, mpiga piano na mtunzi aliyezaliwa Chicago mwaka 1940. Na wenzake watano katika bendi hiyo nao walikuwa na majina yao ya Kiswahili: Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile na Pepo Mtoto.

Wote Wamarekani. Sasa Kiswahili kilifikaje huko?

Kilipitia mlango wa siasa. Katikati ya miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi walikuwa wakitafuta majina, mavazi na lugha visivyotoka kwa watu waliowahi kuwamiliki babu zao. Huko Los Angeles alikuwapo Maulana Karenga, kiongozi wa kikundi kilichoitwa US na mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, ile yenye nguzo za umoja, ujima, ujamaa, kuumba na nyinginezo. Kwa hesabu ya ukoo ingekuwa sawa zaidi kuchagua lugha ya Afrika Magharibi au ya Kongo, maana huko ndiko walikotoka wengi waliovushwa Atlantiki utumwani. Ila Kiswahili kilikuwa na sifa moja waliyoitamani: hakikuwa mali ya kabila moja. Tena kilikuwa lugha ya Tanzania ya Nyerere, nchi iliyotajwa sana midomoni mwa wanaharakati wa wakati ule.

Jazi yenyewe ilikuwa imeshakionja. Mwaka 1960 mpiga piano mwingine, Randy Weston, alirekodi albamu aliyoiita Uhuru Afrika, na ndani yake Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi Langston Hughes. Tanganyika ilikuwa bado inasubiri uhuru wake.

Aliyekileta kwa Hancock alikuwa kijana mpiga tumba, mfuasi wa Karenga, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Jina alilojichagulia litamshtua msomaji wa huku: Mtume. Huku kwetu, awe Mwislamu au Mkristo, hakuna mzazi anayempeleka mtoto kuandikishwa kwa jina hilo. Yeye alilitwaa kwa maana ya mjumbe tu, mbeba habari, akalibeba maisha yake yote. Mwishoni mwa 1969 alishiriki kutengeneza albamu iliyoitwa Kawaida, chini ya jina la baba yake mdogo, mpiga dramu Albert Heath. Majina ya nyimbo zake yangeweza kuwa ya vijana watano wa mtaa mmoja wa Tanga: Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia, Kamili. Kwenye piano alikaa Hancock, na kuanzia hapo akawa Mwandishi. Mwaka uliofuata, bendi yake mpya ilipokamilika, kila mmoja akawa na la kwake.

Hapa ndipo mjuzi wa Kiswahili anasikia mambo ambayo wapenzi wa jazi wa New York hawakuyasikia. Mchezaji alikuwa Buster Williams, mpiga besi. Sisi ala tunapiga, hatuchezi. Mchezaji ni wa mpira, au yule anayekata kiuno mbele ya jukwaa. Ni Kiingereza kinachotumia neno moja kwa kucheza na kupiga, na aliyefungua kamusi akaangukia upande usiotarajiwa. Mwile, la Bennie Maupin wa klarineti ya besi na saksafoni, bila shaka ni mwili. Pepo Mtoto, la mpiga tromboni Julian Priester, lilikusudiwa kuwa jina la upole, roho changa. Kwa bibi yangu lingetosha kuwasha ubani. Jabali likamwendea mpiga dramu Billy Hart, na hili sina neno nalo.

La kufurahisha zaidi ni Mganga. Ukiambiwa mpiga tarumbeta anaitwa Mganga utafikiria vibuyu na kitambaa chekundu. Lakini Eddie Henderson alikuwa daktari kweli, amehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard na alikuwa akitibu wagonjwa San Francisco huku jioni akipiga tarumbeta. Tanzania mkubwa wa madaktari serikalini mpaka leo ni Mganga Mkuu. Kati ya majina yote sita, hilo ndilo ambalo mtu wa Dodoma angelitoa vilevile.

Na Mwandishi je? Walikusudia mtunzi wa muziki. Kwetu anayetunga wimbo ni mtunzi, na mwandishi ni wa vitabu au wa habari. Kwa hiyo nalo liliteleza kidogo. Lakini nikifuata maisha ya Hancock naona kuteleza huko kulimfaa, kwa sababu kilichomlisha, na baadaye kuilisha bendi nzima, kilikuwa haki yake kwenye karatasi.

Utotoni alikuwa mpiga piano wa muziki wa Kizungu. Akiwa na miaka 11 alipiga sehemu ya tamasha la piano la Mozart pamoja na Okestra ya Simfoni ya Chicago. Chuoni Grinnell, Iowa, alianza na uhandisi wa umeme kabla ya kugeukia muziki. Mpiga tarumbeta Donald Byrd akamchukua, akampeleka New York, na mwaka 1962 Hancock akapata nafasi ya kurekodi albamu yake ya kwanza, Takin' Off. Alihitaji wimbo wa kuuza. Akakumbuka vichochoro vya Chicago vilivyotandikwa mawe, na mkokoteni wa muuza matikiti maji ukipita, magurudumu yakigonga mawe kwa mpigo ule ule, na wanawake madirishani wakimwita. Mpigo wa magurudumu ukawa mkono wa kushoto wa piano, mwito wa wanawake ukawa sauti ya wimbo. Akauita Watermelon Man.

Byrd alikuwa amemwonya mapema: usiachie haki za wimbo wako, andikisha kampuni yako mwenyewe ya kuchapisha nyimbo. Akasikia. Mwaka 1963 wimbo huo, uliorekodiwa upya na mpiga tumba wa Kikuba, Mongo Santamaría, ukavuma Marekani nzima, na mirabaha ikaanza kumiminika kwa mwandishi wake. Kijana wa miaka 23 akajinunulia gari la mashindano aina ya Cobra. Mwaka huo huo akaajiriwa na mpiga tarumbeta Miles Davis, akakaa naye miaka mitano. Kazi hiyo ilimtoka mwaka 1968 alipochelewa kurudi kutoka fungateni Brazili kwa sababu ya chakula kilichomdhuru tumbo. Akakuta kiti chake kina mtu mwingine, Chick Corea.

Basi bendi ya Mwandishi ilikuwa ikifanya nini hasa? Msomaji wa Tanzania asidhani ni kama Morogoro Jazz au Western Jazz. Zile zetu zilibeba neno jazz lakini zilipiga dansi. Hii ilikuwa ngumu kuichezea. Wimbo wa kwanza wa albamu waliorekodi San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970 unaitwa Ostinato, na ulitungwa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati aliyekuwa gerezani wakati huo akisubiri kesi. Jaribu hivi mezani kwako: gonga kwa haraka ukihesabu moja mpaka nane, halafu bila kupumzika moja mpaka saba, halafu rudi mwanzo. Mwili unangoja lile pigo la nane la mara ya pili na halifiki; mguu unabaki hewani. Besi ya Mchezaji na klarineti ya Mwile zinarudia mstari huo wa mapigo 15 kwa takriban dakika 13, na juu yake Mwandishi anapiga piano ya umeme ambayo sauti yake inayeyuka kama kengele iliyotumbukia majini. Dakika ya tatu unaacha kuhesabu. Mimi dakika ya tano huwa nimeshasahau nilikuwa nafanya nini.

Albamu iliyofuata, Crossings ya 1972, ilimleta Patrick Gleeson na sinthesaiza ya Moog, mtambo wa umeme unaounda sauti. Kwanza alitakiwa aandae mitambo tu na kumwonyesha Hancock namna ya kuitumia. Hancock, mhandisi yule wa zamani, akasikiliza alichokuwa akikifanya, akamwambia arekodi yeye mwenyewe. Baada ya hapo Gleeson akawa anasafiri nao.

Kusafiri na watu wengi hivyo na mitambo mizito ni gharama, na muziki wenyewe haukuwa wa kujaza kumbi. Pengo hilo Hancock alikuwa akiliziba kwa mirabaha yake, ya Watermelon Man na nyinginezo. Kwa maneno mengine, yule muuza matikiti wa Chicago ndiye aliyekuwa akiwalipia Mganga na Pepo Mtoto hoteli. Mwaka 1973 Hancock akasema basi, akaivunja bendi.

Mwaka huo huo akatoa Head Hunters, muziki wa kuchezeka kabisa, na kutoka bendi ya zamani akabaki na Maupin peke yake. Humo muuza matikiti amerudi, ila safari hii anaanza kwa filimbi ya ajabu: Bill Summers anapuliza chupa ya bia, akiiga wanavyopuliza na kuimba kwa kupokezana Wababenzele wa msitu wa Afrika ya Kati. Albamu hiyo ikavuka nakala milioni Marekani. Yaliyofuata yanajulikana zaidi: Rockit ya 1983 iliyoingiza mikwaruzo ya madijei masikioni mwa dunia, Oscar ya muziki wa filamu 'Round Midnight, na Grammy ya albamu ya mwaka 2008 iliyowashangaza hata mashabiki wake.

Majina nayo yalisambaa kila moja na njia yake. Hancock hakuendelea kulitumia la kwake, lakini Billy Hart bado anaitwa Jabali. Mtume akaanzisha bendi yenye jina hilo hilo, na wimbo wake Juicy Fruit wa 1983 ndio uliochukuliwa miaka 11 baadaye kuwa msingi wa Juicy ya rapa Notorious B.I.G.

Kuna mmoja sijamtaja. Katika Ostinato kuna dramu za ziada zilizopigwa na kijana Leon Chancler, na katikati ya jina lake limewekwa neno ambalo Tanzania wakati huo kila mtu aliitwa nalo, kuanzia karani hadi mwenyekiti wa kijiji: Ndugu. Ndiyo mikono iliyokuja kupiga dramu za Billie Jean ya Michael Jackson.