Griffith's Valuation ni nini, na inamsaidiaje mtu kumpata babu aliyekuwa kibarua Ayalandi

Mtu yeyote anayetafuta asili ya ukoo wake Ayalandi, awe anakaa Boston au Liverpool, hachelewi kuitaja Griffith's Valuation. Ni orodha ya serikali ya thamani ya ardhi na nyumba, ilitengenezwa ili watu wapangiwe kodi, msimamizi wake alikuwa Richard Griffith na ilichapishwa kati ya 1847 na 1864, nchi nzima. Kila mstari unakupa jina la anayekaa pale, jina la aliyemkodisha, ukubwa wa eneo na thamani yake, basi.

Sasa karatasi ya kodi inatafutwa hivyo ya nini? Sensa hazipo. Za 1821 mpaka 1851 karibu zote ziliteketea Dublin Juni 1922, pale Four Courts, majengo ya mahakama yaliyokuwa na hifadhi ya nyaraka za serikali, yalipopigwa mizinga kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, za 1861 na 1871 serikali ilishaziharibu yenyewe kitambo, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza maana karatasi zilikuwa adimu. Sensa kamili ya zamani kabisa iliyobaki ni ya 1901. Kwa hiyo miaka ya njaa kubwa ya viazi, 1845 hadi 1852, watu kama milioni moja wamekufa na milioni nyingine wamepanda meli, hakuna sensa ya kukuonyesha nani alikuwa anakaa wapi. Mwenye mashamba ana wosia na hati zake, kibarua je?

Kibarua yumo humu, na kwangu hapo ndipo uzito wake ulipo. Utakuta mstari umeandikwa nyumba peke yake, haina shamba, thamani shilingi chache, amekodishwa na mkulima wa jirani, na pengine huo ndio mstari pekee unaomtaja mtu huyo enzi zile. Ila wanaandika mkuu wa nyumba tu, mke na watoto hawamo, na aliyelala chumba cha kupanga kwa mtu humpati.

Kazi ngumu ni jina lenyewe. O mbele ya jina maana yake mjukuu au uzao wa fulani, Mac ni mtoto wa fulani, kama bin ya pwani, tofauti ni kwamba kule tangu karne ya 10 na 11 jina liliganda likawa la ukoo mzima. Baadaye chini ya utawala wa Kiingereza makarani wakawa wanaandika wanavyosikia, O na Mac zikadondoshwa kwa wengi, Ó Murchadha ikawa Murphy, na kule Cavan akina Mac Gabhann, yaani watoto wa mhunzi, wengi wao wakaishia kuitwa Smith, huwezi hata kushtukia kwamba ni Waayalandi. Halafu Murphy ndilo jina linaloongoza kwa wingi Ayalandi na wala sio ukoo mmoja, lilizuka sehemu tofauti bila undugu wowote, wa Wexford ni wengine na wa Cork ni wengine. Zile nembo za ukoo wa Murphy zinazouzwa mtandaoni usizinunue, nembo ilikuwa inapewa mtu na uzao wake, sio kila mwenye jina lile.

Kwa hiyo jina peke yake halikufikishi, lazima upate na kitongoji, wenyewe wanaita townland, na viko zaidi ya 60,000. Ukishakijua mambo yanafunguka, maana kama kitongoji kimoja kina akina John Murphy wawili, mara nyingi karani aliongeza jina la baba pembeni au jina la utani kuwatofautisha, na hilo jina la baba limeshakurudisha kizazi kizima nyuma.

Kingine ambacho wengi wanakiruka ni fomu za pensheni. Sheria ya 1908 iliwapa wazee maskini wa miaka 70 pensheni, ila vizazi vya wote vilianza kusajiliwa 1864 tu, sasa mzee athibitishe vipi umri? Maofisa walikuwa wanamtafuta kwenye sensa ya 1841 na 1851 kabla hazijaungua, na fomu za utafutaji ule zimehifadhiwa mpaka leo, zina majina ya wazazi wake na kitongoji walichokaa.