Akili mnemba kwenye kiti cha daktari wa meno: maswali ya mgonjwa

Umekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, picha yako ya eksirei iko kwenye skrini, na juu yake pamechorwa visanduku vyekundu. Si daktari aliyevichora. Vimechorwa na programu ya akili mnemba, na huenda matibabu utakayopewa leo yakaanzia hapo. Basi ni vizuri ujue visanduku hivyo vinasema nini, na wapi havina la kusema.

Programu hiyo inafanya nini hasa?

Inasoma picha. Watengenezaji wake waliipa picha nyingi za eksirei zilizotiwa alama na madaktari: hapa pameoza, hapa mfupa umepungua, hapa jino lilizibwa zamani, hapa kuna uvimbe kwenye ncha ya mzizi. Sasa ikipewa picha yako, inakokotoa jinsi kila kivuli kinavyofanana na vile ilivyofunzwa. Basi. Haijui kwamba jino linakuuma ukinywa maji baridi. Haijui una kisukari. Isipopewa picha ya miaka miwili iliyopita, haijui kwamba kivuli hicho kilikuwepo tangu wakati huo na hakijaongezeka hata kidogo.

Marekani, mamlaka ya chakula na dawa (FDA) imeruhusu programu kadhaa za aina hii, nyingine mwaka 2022, na ruhusa ni ya kumsaidia daktari kusoma picha, si kusoma badala yake.

Zipo kazi nyingine zinazofanywa na akili mnemba kliniki: kupanga miadi, kuandika maelezo kutokana na sauti ya daktari, kusanifu kofia ya jino, kupanga namna ya kunyoosha meno yaliyopinda. Nitagusa moja tu huko chini.

Kisanduku chekundu kikikaa juu ya jino langu, ndiyo kusema limetoboka?

Hapana. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Eksirei haionyeshi uozo wenyewe. Inaonyesha mahali ambapo miale imepita kwa urahisi zaidi, na palipopungua madini huonekana peusi. Lakini peusi pana sababu nyingi. Shingo ya jino, pale enameli (tabaka gumu la nje la jino) inapoishia na mfupa haujaanza, hutoa kivuli cheusi kwa umbo lake tu, jino likiwa zima kabisa. Meno mawili yaliyolaliana kwenye picha kwa sababu mrija wa eksirei ulielekezwa vibaya hutoa michirizi inayodanganya hata macho ya mzoefu. Baadhi ya vifaa vya zamani vya kuzibia jino huonekana vyeusi kama shimo. Daktari huamua kwa kulikausha jino, kulimulika, kuligusa, na kukuuliza maswali. Programu haina mkono wala mdomo wa kuuliza.

Sasa tuseme kisanduku kimesema kweli. Bado haijafuata kwamba jino lichongwe. Uozo ulioanza ndani ya enameli tu, bila uso wa jino kuvunjika, unaweza kusimamishwa na hata kurudi nyuma: kwa dawa ya meno yenye floraidi, kwa kupakwa floraidi ya nguvu zaidi kliniki, kwa kupunguza sukari, kisha jino likafuatiliwa. Jino likishachongwa halirudi lilivyokuwa. Kizibo huchakaa, hubadilishwa, na kila kikibadilishwa shimo huongezeka ukubwa. Anayezibwa kijana bila sababu huenda akalipia kosa hilo kwa jino lenyewe miaka mingi baadaye.

Ndiyo maana naona hatari kubwa ya teknolojia hii si kupitwa na ugonjwa. Ni kuona vingi mno. Programu inaweza kurekebishwa iwe kali, ikatia alama kila kivuli. Ikifanywa hivyo itanasa mashimo mengi ya kweli pamoja na mengi yasiyokuwepo. Na rangi nyekundu kwenye skrini ina nguvu ya ajabu ya kumshawishi mtu aliyelala chali mdomo wazi. Kliniki inayotumia visanduku kama karatasi ya mauzo haitumii akili mnemba kwa uwajibikaji, hata kama programu yake ni sahihi namna gani.

Upande wa pili nao upo. Picha isiyo na kisanduku hata kimoja si cheti cha meno mazima. Uozo unaoanza kwenye mifereji ya juu ya magego mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, na jino hupoteza madini mengi kabla picha haijaanza kubadilika.

Na fizi je? Niliambiwa programu imepima mfupa wangu kwa milimita.

Kwenye picha, ukingo wa mfupa wenye afya huwa takriban milimita 1 hadi 2 chini ya mahali enameli inapokutana na mzizi. Programu hupima umbali huo haraka, na kwa kweli kazi hii inaifanya kwa utaratibu kuliko jicho lililochoka jioni. Ila eksirei inaonyesha mfupa uliokwisha kupotea. Haionyeshi kama ugonjwa unaendelea leo. Hilo linajulikana kwa kifaa kile chembamba chenye alama za milimita kinachoingizwa taratibu kando ya jino, kuona kina cha mfuko wa ufizi na kama unatoka damu. Kina cha milimita 1 hadi 3 bila damu ni hali njema. Ukiambiwa una ugonjwa wa fizi bila mtu kugusa fizi zako, uliza.

Daktari anayejali huitumia vipi?

Kwanza huisoma picha mwenyewe, programu ikiwa imezimwa, kisha huiwasha na kulinganisha. Mpangilio huu unaonekana mdogo lakini una maana, kwa sababu binadamu akishaonyeshwa jibu hulitafutia sababu za kukubaliana nalo. Pale wanapotofautiana hurudi kwenye jino.

Kisha huandika kwenye faili: programu gani, toleo gani, ilionyesha nini, yeye aliamua nini na kwa nini. Toleo lina umuhimu wake. Programu ikisasishwa, picha ileile inaweza kupewa alama tofauti.

Maelezo yanayoandikwa na mashine kutokana na sauti huhitaji macho mawili zaidi. Kwa mfumo wa namba unaotumiwa na madaktari wa meno sehemu nyingi duniani, 36 ni gego la kwanza la chini kushoto na 46 ni mwenzake wa kulia. Mashine ikisikia thelathini badala ya arobaini, upande wa mdomo umebadilika. Ikiacha neno moja kwenye sentensi ya mzio wa penisilini, balaa ni kubwa zaidi. Maelezo hayo yasomwe na kusahihishwa kabla ya kutiwa saini, si mwisho wa wiki.

Je, inanijua mtu kama mimi?

Inategemea ilifunzwa kwa picha za nani. Mfano ulio wazi ni programu zinazosoma picha za kawaida za kamera. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana fizi zenye mabaka ya kahawia au meusi, na hiyo ni rangi ya asili, si ugonjwa. Programu iliyofunzwa kwa fizi za waridi peke yake inaweza kuiona rangi hiyo kama dosari, na wekundu wa uvimbe wa kweli ikashindwa kuuona.

Watoto ni kundi jingine. Meno ya utotoni yana enameli nyembamba, na katika umri wa kubadilisha meno mdomo mmoja una meno ya aina mbili, mengine bado yamo ndani ya taya. Programu iliyothibitishwa kwa watu wazima isitumiwe kwa mtoto wa miaka saba kwa kudhani kwamba jino ni jino. Swali la kumuuliza mtengenezaji ni rahisi: mmeijaribu kwa nani, na kwa mashine gani za eksirei? Kliniki isiyoweza kupata jibu iache kununua.

Picha zangu zinakwenda wapi?

Mara nyingi hazisomwi na kompyuta iliyo kliniki bali na seva ya kampuni, pengine katika nchi nyingine. Faili la eksirei hubeba ndani yake jina lako, tarehe ya kuzaliwa na siku uliyopigwa picha, hata kama hayaonekani kwenye skrini. Hayo yanaweza kufutwa, na yafutwe. Lakini kumbuka kwamba meno hutumika kutambua maiti zilizoharibika kiasi cha kutotambulika kwa sura. Picha ya taya zako haiwezi kuwa ya mtu asiyejulikana moja kwa moja.

Kwa hiyo mkataba kati ya kliniki na kampuni useme picha zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, nani anazifungua, na kama zitatumika kufunzia programu. Hilo la mwisho ni ombi tofauti na matibabu, na linahitaji idhini yake tofauti. Na mfanyakazi wa kliniki asipakie kamwe eksirei ya mgonjwa kwenye programu ya mazungumzo ya bure ili apate maoni ya haraka. Nia njema haimwondolei kosa.

Ikikosea, nani anawajibika?

Daktari aliyekutibu. Mtengenezaji anaweza kuwa na lake la kujibu, lakini hakuna daktari anayeweza kusimama mbele ya mgonjwa na kusema kompyuta ndiyo iliyong'oa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba katika afya, liliweka uwajibikaji miongoni mwa misingi 6, pamoja na uwazi na kulinda uhuru wa binadamu wa kuamua.

Naweza kupiga picha jino langu kwa simu na kuiuliza programu?

Kwa kujifunza maneno na kuandaa maswali ya kumuuliza daktari, sawa. Kwa kujua kama jino ling'olewe, au unywe dawa gani, hapana. Picha ya simu haioni katikati ya meno wala chini ya fizi, na programu hizi hujibu kwa ujasiri uleule zinapopatia na zinapokosea.

Kuna hali ambazo hata dakika za kuandika swali ni nyingi. Uvimbe wa shavu au chini ya taya unaoongezeka, homa, shida ya kumeza, kufungua mdomo au kupumua: nenda hospitali sasa hivi. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa. Na kidonda cha mdomoni au baka jeupe au jekundu lisilopona kwa zaidi ya wiki mbili lionwe na daktari. Saratani huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo na kukichunguza maabara, si kwa picha.

Naruhusiwa kukataa isitumike kwangu?

Unaruhusiwa kuuliza, na kliniki inayoheshimu wagonjwa itakueleza kabla hujauliza. Ukisema hutaki, picha yako inaweza kusomwa na daktari kwa macho yake kama ilivyofanyika kwa zaidi ya miaka 100. Kama umekubali ila una shaka na ulichoambiwa, mwombe daktari azime visanduku, akuonyeshe kivuli kwenye picha tupu, kisha akuonyeshe jino lenyewe kwa kioo. Muulize pia nini kitatokea mkisubiri miezi sita. Kwa shimo lililofika ndani jibu litakuwa wazi na hutahitaji kubembelezwa. Jibu likiwa la kusitasita, omba nakala ya eksirei isiyo na alama na uipeleke kwa daktari mwingine.