Je, wajua ni kwa nini vilima vifupi vya Uingereza humchosha mwendesha baiskeli kuliko milima mirefu ya Alps?

Mlima mrefu kuliko yote nchini Uingereza, ukiziacha kando Scotland na Wales, ni Scafell Pike, wenye mita 978 tu kutoka usawa wa bahari, na barabara ya lami ya Hardknott, iliyo katika eneo hilohilo la maziwa liitwalo Lake District, haivuki mita 393. Anayezisoma takwimu hizi akiwa mbali hudhani kwamba nchi hiyo inazungukika kwa baiskeli bila jasho. Hata hivyo, wapo watu waliokwisha kuipanda Alpe d'Huez ya Ufaransa, ambayo hupandisha zaidi ya mita 1,000 mfululizo, ambao wakifika Hardknott hushuka na kuikokota baiskeli. Sababu ni mbili: namna ardhi ya Uingereza ilivyochongwa na, zaidi ya hilo, namna barabara zake zilivyopatikana.

Tuanze na miguu yenyewe. Alpe d'Huez ina urefu wa kilomita 13.8 na mwinuko wa wastani wa asilimia 8 hivi, yaani kwa kila mita 100 za kwenda mbele mtu hupanda mita 8. Hardknott, ukiipanda kutoka bonde la Eskdale upande wa magharibi, ni kilomita 2 na kidogo tu, lakini wastani wake ni takriban asilimia 13, na penye makali zaidi hufikia asilimia 33. Mtu ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 85, akienda kilomita 6 kwa saa, mwendo usiozidi sana ule wa mtu anayetembea kwa haraka, huhitaji takriban wati 110 ili kuushinda uzito huo kwenye mwinuko wa asilimia 8. Kwa mwendo uleule, kwenye asilimia 25, huhitaji zaidi ya wati 330, kiasi ambacho mwendesha baiskeli wa kawaida mwenye mazoezi hawezi kukitoa isipokuwa kwa dakika chache. Wala hawezi kupunguza mwendo ili ajihurumie, kwa sababu chini ya hapo baiskeli huanza kuyumba. Katika milima ya Alps mtu huchagua mwendo unaomfaa akaushika kwa saa nzima. Hapa kilima ndicho kinachomchagulia.

Gia nazo zina kikomo. Baiskeli yenye meno 34 mbele na meno 28 nyuma husogea kama mita mbili na nusu kwa kila mzunguko wa pedali, kwa hiyo kwenye kilomita 6 kwa saa miguu huzunguka mara 40 hivi kwa dakika, ambayo ni nusu ya kasi waliyoizoea wengi. Mwendeshaji akibaki ameketi wima, gurudumu la mbele huanza kunyanyuka kutoka barabarani. Akisimama na kuegemea mbele, gurudumu la nyuma hupungukiwa na uzito, na likikanyaga majani mabichi au ukoga huteleza papo hapo. Waliozoea vilima hivyo hukaa katikati ya hali hizo mbili: kifua wamekishusha kuelekea usukani, nao wameketi kwenye ncha kabisa ya kiti, wakiliona gurudumu la mbele likienda kushoto na kulia kidogo kwa kila msukumo wa mguu.

Makali hayo yametoka wapi katika nchi isiyo na milima mirefu? Kaskazini, katika Lake District na mabonde ya Yorkshire, jibu ni barafu. Katika zama za barafu, mito mizito ya barafu iliteremka kupitia mabonde yaliyokuwapo, ikayachimba yakawa na sakafu pana na kuta zilizosimama, hivi kwamba anayetaka kutoka bonde moja kwenda jingine hukutana na ukuta. Kusini-magharibi, huko Devon na Exmoor, barafu kuu haikufika katika sehemu kubwa ya nchi, na kazi ilifanywa na maji. Mito mifupi inayokimbilia baharini imekata mabonde membamba yenye umbo la herufi V, moja baada ya jingine, na safari ya kuyavuka huwa kama meno ya msumeno. Kusini-mashariki mambo ni tofauti tena: matabaka ya mawe ya chokaa yameinama upande mmoja, yakaacha vilima vyenye mgongo mrefu wa taratibu upande mmoja na ukingo uliokatika ghafla upande wa pili. Safu ya vilima ya North Downs, kilipo kilima cha Box Hill katika jimbo la Surrey, ina umbo hilo, na Cotswolds, safu nyingine iliyo magharibi zaidi, ina umbo hilo pia.

Lakini ardhi peke yake haitoshi kuwa maelezo, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo. Milima ya Alps ina kuta kali kuliko hizo zote, ila barabara zake nyingi za kuvuka milima zilipimwa na wahandisi waliotakiwa kupitisha mizinga ya jeshi, magari ya kukokotwa na farasi, na baadaye magari ya injini. Barabara ya Stelvio nchini Italia, iliyojengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 na kufika mita 2,757, ina kona za kugeuka nyuma 48 upande wake wa kaskazini-mashariki pekee, kwa sababu mhandisi aliigawanya tofauti ya kimo katika umbali mrefu hadi farasi akaweza kuipanda akiwa na mzigo nyuma yake. Njia nyingi za vijijini Uingereza hazikupata kupimwa na mtu wa namna hiyo. Zilianzishwa na nyayo za watu waliokwenda shambani, kanisani na sokoni, na za farasi waliobeba mizigo mgongoni, wakifuatana kwa mstari. Farasi asiyekokota kitu hupanda mteremko mkali bila shida kubwa, na mwenye safari hana sababu ya kuzunguka. Vijiji navyo vilikaa chini, penye chemchemi na mito, kwa hiyo njia ya kutoka kijiji hadi kijiji ilipaswa kupanda mgongo wa kilima na kushuka tena. Magurudumu yalipoongezeka, na hatimaye lami ilipomwagwa, ilimwagwa juu ya mstari uleule.

Mahali pa kuliona hili kwa macho ni Porlock, kijiji cha pwani ya Somerset chini ya nyanda za Exmoor. Hapo zipo barabara mbili zinazopanda kilima kimoja. Ya kwanza ni barabara kuu ya A39, ambayo hupanda kama mita 400 katika umbali wa kilomita 3 hivi, na mwanzoni mwake kuna kona zenye mwinuko wa asilimia 25. Ya pili ni barabara ya kulipia iliyojengwa katika karne ya 19 na wenye shamba kubwa la hapo, ikizungushwa polepole msituni kwa takriban kilomita 6 na nusu, na mwinuko wake ni karibu asilimia 7. Kilima ni kilekile. Anayepanda kwa njia ya kwanza mara nyingi hufika juu akihema mdomo wazi, na anayepanda kwa ya pili hupata nafasi ya kuitazama bahari kupitia matawi ya mialoni.

Tangu karne ya 18, Bunge lilipitisha sheria nyingi zilizoruhusu bodi za barabara za kulipia kutengeneza njia kuu kwa ajili ya magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, na bodi hizo mara nyingi zilichora mistari mipya iliyofuata mabonde na kupunguza miinuko. Wasafiri walihamia huko, na malori na magari ya leo yanapita hukohuko. Njia za zamani zilibaki kwa wakulima na wanakijiji. Basi mwendesha baiskeli anayekimbia magari na kutafuta utulivu, maua ya kandokando na kuta za mawe zisizo na saruji, anajichagulia bila kujua barabara zilezile ambazo hakuna aliyewahi kuzilainisha. Utulivu na ukali wa njia hizo vina asili moja.

Mtu anaweza kuuliza: si kila kilima kina mteremko wake, na kilichotolewa wakati wa kupanda hurudishwa wakati wa kushuka? Kwenye barabara pana yenye kona zinazoonekana hurudishwa kwa sehemu kubwa. Njia za Devon hazina ukarimu huo. Nyingi zimezama chini ya usawa wa mashamba kwa sababu kwato, magurudumu na maji ya mvua viliula udongo kwa karne nyingi, na juu ya kingo zake kumeota ua mnene wa miti. Upana wake mara nyingi ni wa gari moja, nyasi zimeota katikati ya lami, kwenye kona kuna kokoto na matope yaliyoangushwa na matairi ya trekta, na mbele hakuonekani zaidi ya mita chache. Mwendeshaji hushuka akiwa ameshika breki muda wote, na nguvu yote aliyoilipa wakati wa kupanda huishia kuwa joto kwenye breki. Chini kabisa huwa kuna daraja jembamba la mawe, na upande wa pili kilima kingine huanza, naye hana mwendo wowote wa kumsaidia. Ndiyo maana wengi wanaosafiri kwa baiskeli kutoka Land's End kusini-magharibi hadi John o' Groats kaskazini mwa Scotland husema kwamba siku za Cornwall na Devon ziliwachosha kuliko nyanda za juu za Scotland, ambako milima ni mirefu zaidi lakini barabara nyingi hufuata mabonde.

Hata mabingwa wameyaonja makali haya. Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ya mwaka 2014 yalianzia Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa bingwa mtetezi. Hatua ya pili, kutoka York hadi Sheffield, ilikuwa na miinuko tisa iliyohesabiwa rasmi, na wa mwisho, Jenkin Road, ni mtaa wa makazi ya watu wenye sehemu inayofikia asilimia 33. Vincenzo Nibali wa Italia alishinda hatua hiyo akavaa jezi ya njano, ambayo huvaliwa na anayeongoza mashindano.

Kwa anayepanga safari, ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, zina alama moja inayofaa kujifunza kabla ya nyingine zote. Mshale mmoja uliochorwa juu ya barabara una maana ya mwinuko wa kati ya asilimia 14 na 20, na mishale miwili ina maana ya zaidi ya asilimia 20. Mshale huelekea upande wa kushuka, kwa hiyo anayeusoma kinyume hujikuta chini ya kile alichotaka kukiteremka. Kwenye vilima vya chokaa, uamuzi wa kupanda kwa upande wa mgongo na kushuka kwa upande wa ukingo unaweza kubadilisha siku nzima: Cotswolds ikipandwa kutoka mashariki huinuka taratibu kwa kilomita nyingi, na ikipandwa kutoka magharibi humaliza kazi hiyo yote kwa pigo moja. Devon haina upande wa nafuu. Huko linalosaidia ni gia ya nyuma yenye meno 34 au zaidi, na kupanga kilomita chache kwa siku kuliko ambazo ramani inakushawishi kuzipanga.