Je, wajua? Debaga huruka mwanzo wa funksheni kwa makusudi

Andika `break jumlisha` ndani ya GDB, debaga (programu ya kusimamisha programu nyingine na kuichunguza) aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986, ili programu yako isimame ikifika kwenye funksheni `jumlisha`, kisha uitazame vizuri anwani inayokujibu. Si anwani ya amri ya kwanza ya funksheni hiyo. Iko mbele kidogo, baiti 10 au 14 hivi. Hizo baiti zilizorukwa zina nini?

Tuseme `jumlisha` ni funksheni ya C inayopokea namba mbili, a na b, nawe umeikompaili kwa GCC, kompaila inayogeuza kodi yako kuwa amri za prosesa, bila uboreshaji wowote, kwenye prosesa ya x86-64. Kabla ya kugusa hesabu yako, kompaila hutanguliza amri zake. `push rbp`, yenye baiti 1 tu, huhifadhi kwenye staki (eneo la kumbukumbu la funksheni zinazoendelea) thamani ya rbp ya aliyeiita funksheni; rbp ni rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya prosesa. Amri ya pili, ya baiti 3, huielekeza rbp kwenye eneo jipya la staki. Amri mbili zinazofuata, za baiti 3 kila moja, huchukua a kutoka rejista ya edi na b kutoka esi na kuzinakili kwenye nafasi zao kwenye staki. Jumla baiti 10. Kompaila ya Ubuntu hutanguliza pia endbr64, kinga ya baiti 4, ndipo tunapata 14.

Sasa debaga husoma maelezo yaliyoachwa na kompaila: "a inakaa kwenye nafasi fulani ya staki." Maelezo hayo ni ya kweli, lakini si tangu amri ya kwanza. Pale mwanzoni a bado iko edi, na nafasi yake kwenye staki ina mabaki ya funksheni zilizopita. Ukisimama hapo na kuchapisha a, unaweza kuona 32767 au 21845 ilhali ulituma 5. Namba hizo mbili zimewahangaisha wengi, na wala si za kubahatisha: kwa heksadesimali ni 7fff na 5555, vipande vya juu vya anwani za kawaida za Linux vilivyosahaulika kwenye staki. Kwa Clang, kompaila nyingine, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu maelezo yake kwa kawaida huhesabu kutoka rbp, na rbp wakati huo bado ni ya mwenyewe aliyeita. Umebisha hodi kwa jirani.

Debaga hujuaje utangulizi unapoishia? Hutazama jedwali linalounganisha anwani na mistari ya kodi. Mstari wa funksheni una anwani yake, na ingizo linalofuata ndilo huchukuliwa kuwa mwanzo wa kazi yenyewe. Ni ujanja wa kukisia, na mara nyingine hukosea. Ndiyo maana kiwango cha DWARF, kinachopanga maelezo hayo ya debaga, toleo la 3, kiliongeza alama ya `prologue_end` ili kompaila iseme wazi. Pasipo jedwali kabisa, GDB huchungulia baiti zenyewe: ikikuta 55 ikifuatwa na 48 89 e5, inajua hizo ni zile amri mbili za rbp na inazipita.

Ikishapata mahali, huandika baiti moja ya CC, amri ya kusimama, juu ya baiti iliyokuwapo, na prosesa ikiifikia hukwama na kuirudishia debaga usukani.

Kwa kodi iliyoboreshwa kwa -O2, chaguo la kompaila la kuipa kasi, mpaka huo hufifia. Hoja (a na b) hubaki kwenye rejista, amri za utangulizi huchanganyika na za kazi, na maelezo hutaja a iko wapi kwa kila kipande cha anwani. Hapo hakuna sababu kubwa ya kuruka.

Ukitaka kusimama mlangoni kabisa, weka nyota: `break *jumlisha`. Ila usiulize a. Andika `info registers rdi rsi`, maana edi na esi ni nusu za chini za rejista hizo, na namba zako bado zimo humo.