Wahindi wa Afrika Mashariki katika Riwaya: Nani Anaonekana, Nani Amefichwa

Mhindi wa Afrika Mashariki hakuwahi kukosa kuonekana. Alisimama nyuma ya kaunta akipima sukari, na jina la ukoo wake liliandikwa juu ya mlango wa duka. Vitabuni ndiko alikopita haraka: mwenye duka, mkopeshaji, basi. Nyumbani kwake, nyuma ya duka hilo, msomaji hakuingizwa hadi waandishi wa jamii hizo walipoandika wenyewe.

Peter Nazareth, Mganda mwenye asili ya Goa, India, alitoa riwaya ya In a Brown Mantle mwaka 1972, kuhusu Mgoa anayejitosa katika siasa za nchi ya kubuni ya Kiafrika na kuishia uhamishoni. Agosti mwaka huohuo, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda.

Kwa maoni yangu, aliyechimba zaidi ni M.G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, aliyekulia Dar es Salaam na sasa yuko Kanada. Katika The Gunny Sack (1989), kijana Salim Juma anarithi gunia kuukuu, na kila kinachotolewa humo kinazua kisa. Huko ndiko tunakokutana na Dhanji Govindji, mhamiaji kutoka Gujarat, aliyezaa na mtumwa Mwafrika aitwaye Bibi Taratibu. Baadaye alioa mwanamke wa jamii yake, na Bibi Taratibu akawekwa kando. Lakini mtoto wa Dhanji na Bibi Taratibu, Huseni, ndiye babu yake Salim. Huseni anapotoweka, baba yake anatumia fedha za jamaa zake wa dini kumsaka, na mwisho anauawa.

Hapa suala la kuonekana linageuka. Jamii iliyochoka kuitwa wageni ina bibi Mwafrika ndani ya ukoo, na ndiye asiyetajwa sebuleni. Vassanji hamtetei mtu. Anaweka ubaguzi wa ndani bega kwa bega na machungu ya nje, likiwemo lile la mwaka 1971, Tanzania ilipotaifisha majumba ya kupangisha, mengi yakiwa ya Waasia.

Nina lawama moja hata hivyo. Bibi Taratibu amepewa jina na uzao, lakini tunamwona zaidi kwa macho ya wengine. Wanaume wanasafiri, wanaiba, wanajuta kwa kurasa nyingi. Alichokiwaza yeye siku alipoondolewa nyumbani kwa Dhanji, gunia halisemi.