VA imekataa dai lako? Soma sababu kabla ya kugusa fomu

Wengi wakipokea barua ya Idara ya Maveterani ya Marekani, VA, inayowanyima fidia ya ulemavu, hukata rufaa papo hapo kwa hoja zilezile zilizokwisha kukataliwa. Tafuta kwanza sehemu yenye sababu za uamuzi. Dai husimama juu ya mambo matatu: ugonjwa ulionao sasa, tukio la wakati wa utumishi, na maoni ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Barua inaonyesha lipi limekubaliwa na lipi limekosekana.

Mara nyingi linalokosekana ni hilo la tatu. Chukua askari aliyeruka kwa parachuti miaka mingi, leo goti limesagika. Daktari wake anaandika: "Maumivu haya yanaweza kuwa yametokana na jeshi." Barua hiyo haisaidii kitu, yanaweza pia yasiwe. Daktari aseme kuwa uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, ataje kuwa amepitia faili la matibabu la jeshini, kisha aeleze jinsi kutua kwa kishindo mara kwa mara kunavyosaga gegedu, na kwa nini umri au uzito peke yake hautoshi kuwa sababu. VA haidai uhakika. Mizani ikilingana, sheria inampa askari ushindi. Lakini maoni yasiyo na maelezo huangushwa na ripoti ya mpimaji wa VA aliyejieleza vizuri.

Ukiipata barua ya daktari yenye maelezo hayo yote, wasilisha dai la nyongeza, fomu 20-0995, ambalo ni lazima liwe na ushahidi mpya unaohusu kilichokosekana. Ikiwa ushahidi ulikuwemo tayari na afisa akauruka, tumia fomu 20-0996, mapitio ya ngazi ya juu. Hapo huongezi hata karatasi moja, ila omba mazungumzo ya simu na umwonyeshe mpitiaji kosa liko wapi. Kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa ni fomu 10182. Foleni yake ni ndefu, kwa hiyo mimi huiacha kwa mabishano ya kisheria.

Waliokataliwa kabla ya Agosti 2022 kwa magonjwa ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq au Afghanistan waangalie orodha ya magonjwa ya sheria ya PACT, iliyopitishwa mwezi huo kwa ajili ya maveterani waliokumbana na moshi na sumu kazini. Ugonjwa ukiwa kwenye orodha na ulihudumu mahali na wakati unaotajwa, barua ya daktari ya kuunganisha haihitajiki tena.

Una mwaka mmoja wa kupinga uamuzi, unaohesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi. Ukipita, dai la nyongeza bado unaweza kulileta, ila kwa kawaida fidia itahesabiwa kuanzia dai hilo jipya, na malimbikizo ya nyuma yamekwenda. Bodi nayo ikikukatalia, mahakama ya rufaa za maveterani inakupa siku 120.

Vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa na VA husaidia bure. Mwanasheria aliyeidhinishwa anaruhusiwa kutoza baada ya uamuzi wa kwanza tu. Anayetaka pesa ya kuandaa dai la kwanza, mkimbie.